Je, Kompyuta Yako ya Mezani Ina Chipu ya Usalama? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu TPM

Maswali haya nimeyakusanya mezani kwangu, kwa watu wanaokuja wamebeba lile boksi ambalo wengi tunaliita CPU, na kwa wanaopiga simu usiku kompyuta ikiwa imegoma kufunguka. Ukiwa na haraka, soma swali la 5 na la 14.

## Mambo ya msingi

1. TPM ni kitu gani?

Ni chipu ndogo ya usalama ndani ya kompyuta, na kazi yake kubwa ni kutunza funguo. Funguo hizo ni namba ndefu za siri ambazo kompyuta huzitumia kufunga na kufungua data. Jina lake kamili ni Trusted Platform Module, na viwango vyake vinasimamiwa na Trusted Computing Group, muungano wa kampuni za kompyuta ulioundwa mwaka 2003.

Kwa nini funguo zisikae kwenye diski? Kwa sababu kilichoko kwenye diski kinanakilika. Mtu akichomoa diski yako akaichomeka kwenye mashine yake, anasoma picha za watoto, hesabu za duka, kila kitu. Diski iliyofungwa kwa msaada wa TPM, akiichomoa anabaki na takataka zisizosomeka, kwa kuwa ufunguo umebaki kwenye mashine ilikotoka.

Chipu hii ina kazi ya pili ambayo watu hawaifahamu: inaweka kumbukumbu ya jinsi kompyuta ilivyowaka. Kila hatua, kuanzia BIOS (programu ya kwanza kuamka unapowasha kompyuta) hadi mfumo endeshi kama Windows, hupimwa na alama yake huandikwa kwenye rejista za chipu, ambazo kwa kawaida ni 24. Ufunguo wa diski unaweza kuwekewa sharti kwamba utolewe tu iwapo alama zinafanana na zile za siku ulipofungwa. Likumbuke sharti hili, ndilo chanzo cha mkasa wa swali la 14.

2. Chipu yenyewe si mpya, kwa nini sasa hivi ndiyo kila mtu anaiulizia?

Kwa sababu ya Windows 11. Ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, Microsoft iliweka sharti la TPM 2.0. Miaka minne baadaye, tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma yake ya kawaida. Watu waliokuwa hawana habari na chipu hii wakajikuta wanaambiwa kompyuta yao haifai.

Wachezaji wa michezo ya kompyuta nao wamo. Valorant, kwa mfano, kwenye Windows 11 haikubali kufunguka kama TPM 2.0 imezimwa.

3. Kompyuta ya mezani inayo, au hayo ni mambo ya laptopu?

Ya mezani nyingi zinayo, ila huja kwa sura tatu.

Ya kwanza ni chipu inayojitegemea, iliyochomelewa juu ya mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Hii utaikuta sana kwenye mashine za ofisini kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre.

Ya pili haionekani kwa macho, kwa kuwa ni programu dhibiti inayoendeshwa katika sehemu iliyotengwa ndani ya prosesa au chipu nyingine kuu za mfumo. Intel wanaiita PTT, AMD wanaiita fTPM. Windows inaikubali sawasawa na ile ya kuchomelewa. Kompyuta nyingi zilizoungwa na mafundi mitaani zina hii, na mara nyingi imezimwa tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ni nafasi tupu: mazabodi ina safu ya pini zilizoandikwa TPM, lakini hakuna kilichochomekwa juu yake. Ukiona pini hizo usikate tamaa, maana bodi hiyohiyo inaweza kuwa na PTT au fTPM.

Laptopu zimepata sifa kwa sababu moja tu. Tangu 28 Julai 2016 Microsoft iliwataka watengenezaji waweke TPM 2.0 kwenye vifaa vipya vinavyouzwa na Windows 10, na laptopu karibu zote huuzwa zikiwa zimekamilika kiwandani. Kompyuta ya mezani iliyoungwa kipande kwa kipande haikuwa na mtu wa kuisimamia.

4. TPM 1.2 na TPM 2.0 zina tofauti gani?

Zinatofautiana sana kiasi kwamba programu iliyoandikwa kwa ajili ya moja haifanyi kazi kwenye nyingine. Toleo 1.2 linategemea mbinu za zamani za kutengeneza alama za usalama, hasa SHA-1, ambayo leo haiaminiki tena. Toleo 2.0, lililochapishwa mwaka 2014, linakubali mbinu mpya zaidi kama SHA-256.

Kwa kawaida 1.2 haigeuki kuwa 2.0, lakini zipo mashine ambazo hugeuka. Dell na HP walitoa programu rasmi ya kubadilisha toleo la chipu kwenye baadhi ya mashine zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, kama OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2. Kabla ya kuigusa programu hiyo ondoa usimbaji fiche wote wa diski (yaani ifungue kabisa), kwa sababu kubadilisha toleo kunafuta kilichomo ndani ya chipu.

## Kuangalia kama unayo

5. Nitajuaje kama kompyuta yangu inayo, bila kufungua boksi?

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ukiona maneno 'The TPM is ready for use', unayo na inafanya kazi. Teremsha macho hadi sehemu ya chini, palipoandikwa 'Specification Version'. Hapo ndipo utasoma 2.0 au 1.2, na ndipo watu wengi wanaposahau kuangalia.

Pembeni ya hapo kuna jina fupi la mtengenezaji, nalo linakwambia una sura ipi kati ya zile za swali la 3. INTC ni Intel, yaani PTT. AMD ni fTPM. IFX ni Infineon, NTC ni Nuvoton na STM ni STMicroelectronics. Hao watatu hutengeneza chipu zinazojitegemea.

Ukipenda njia ya amri, fungua PowerShell kama msimamizi uandike Get-Tpm. Mstari wa TpmPresent ukisema True, chipu ipo. TpmReady ikisema False wakati TpmPresent ni True, ipo ila haijaandaliwa.

6. Imeandika 'Compatible TPM cannot be found'. Ndiyo basi, sina?

Hapana, usiamini haraka. Maneno hayo yana maana moja tu: Windows haijaiona. Chipu iliyozimwa kwenye BIOS, Windows haiioni kabisa, sawa na taa ambayo swichi yake haijawashwa.

Hili ndilo kosa linalowagharimu watu fedha kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Mtu anasoma sentensi hiyo, anakwenda kununua kompyuta nyingine, kumbe ile aliyoiacha nyumbani ilihitaji dakika tatu za kuingia BIOS. Nenda swali la 10 kabla hujafungua pochi.

7. Natumia Linux. Naangalia wapi?

Fungua dirisha la amri uandike ls /dev/tpm*. Ukiona /dev/tpm0, ipo. Kujua toleo, andika cat /sys/class/tpm/tpm0/tpm_version_major. Itakujibu 1 au 2. Linux hailazimishi TPM, lakini inaweza kuitumia: amri ya systemd-cryptenroll huunganisha diski iliyofungwa kwa LUKS (mfumo wa Linux wa kufunga diski) na chipu hii ili ifunguke bila kuandika neno la siri kila asubuhi.

8. Naweza kuiona kwa macho?

Ile inayojitegemea, ndiyo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa boksi. Unatafuta chipu nyeusi ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, mara nyingi imeandikwa SLB na namba kama 9665 au 9670 ikiwa ni ya Infineon. Maandishi ni madogo mno. Mimi hupiga picha kwa simu kisha naikuza. Vumbi likiwa limeganda, lifagie kwa brashi laini, usikwangue.

Kumbuka PTT na fTPM hazina umbo. Kukosa kuiona chipu hakuthibitishi lolote, ndiyo maana napendelea njia za swali la 5.

9. Nakwenda kununua kompyuta ya mtumba. Niangalie nini?

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua Dar es Salaam na Nairobi zimeshafanya kazi ofisini kwa wenzetu wa Ulaya au Ghuba kabla ya kutufikia. Hizo ni mashine imara na mara nyingi zina chipu halisi, lakini umri wake ndio wa kupima.

Soma jina la prosesa. Kwenye i5-4570, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, yaani kizazi cha 4. Kwenye i5-8500 ni kizazi cha 8, na i7-10700, ambako unasoma tarakimu mbili za kwanza, ni cha 10. Orodha ya Microsoft kwa ajili ya Windows 11, ukiondoa vipengele vichache, huanzia kizazi cha 8 kwa Intel na Ryzen 2000 kwa AMD. OptiPlex 7010 ya kizazi cha 3, 9020 na EliteDesk 800 G1 zina TPM 1.2, hivyo hata muuzaji akikuapia kuwa "chipu ipo", anasema kweli lakini haikusaidii. Anza kutafuta kwenye OptiPlex 3060, 5060 na 7060, EliteDesk 800 G4, au ThinkCentre M720. Jihadhari na jambo moja: Dell wana OptiPlex 7010 nyingine ya mwaka 2023 yenye jina lilelile, kwa hiyo soma prosesa, usiishie kwenye jina la boksi.

Dukani, mwambie muuzaji aiwashe, fungua tpm.msc mwenyewe. Kisha ingia BIOS mbele yake. Mashine za ofisini mara nyingine huja na neno la siri la BIOS lililoachwa na mwenye mali wa kwanza, na bila neno hilo huwezi kuwasha wala kuzima TPM. Kwenye baadhi ya modeli kulitoa ni kazi ya kutoa jasho. Ikidai neno la siri na muuzaji hana, chagua nyingine.

## Kuiwasha

10. Nawashaje TPM kwenye BIOS?

Kwanza, kama diski yako imefungwa tayari, hakikisha una ufunguo wa kurejesha. Maelezo yako swali la 14. Halafu washa kompyuta upya huku ukigonga-gonga kitufe cha kuingilia: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre nyingi, na Delete kwa bodi nyingi za kuunga mwenyewe.

Ukishaingia, tafuta sehemu ya Security au Advanced. Tatizo ni kwamba kila kampuni imeipa jina lake. Kwenye bodi za Intel utakuta 'Intel Platform Trust Technology' au 'PTT'. Kwenye bodi za ASUS zimeiweka ndani ya 'PCH-FW Configuration', mahali ambapo mtu hawezi kubahatisha. Kwenye AMD tafuta 'fTPM'. MSI wanaandika 'Security Device Support', Lenovo 'Security Chip', na HP 'TPM Device', ambayo ikiwa kwenye 'Hidden' igeuze iwe 'Available'.

Weka Enabled, bonyeza F10 kuhifadhi, acha iwake. Rudi tpm.msc uthibitishe.

Usipoona hata neno moja kati ya hayo, angalia toleo la BIOS. Baada ya Windows 11 kutangazwa, watengenezaji kadhaa wa mazabodi walitoa masasisho yaliyowasha TPM au kuifanya ionekane. Kusasisha BIOS fanya siku ambayo umeme ni wa uhakika au una UPS, maana ukikatika katikati ya kazi hiyo bodi inaweza kufa.

11. Nimewasha, tpm.msc inasema 2.0, lakini Windows 11 bado inakataa. Kuna nini?

TPM ni sharti moja kati ya kadhaa. Pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, itakutajia lililokwama.

Mara nyingi ni prosesa isiyo kwenye orodha. Sababu ya pili ni kuwa Windows ilisakinishwa kwa mtindo wa zamani wa BIOS, na diski imegawanywa kwa MBR, mgawanyo wa zamani, badala ya GPT, ule mpya. Kuna amri ya Microsoft, mbr2gpt, inayogeuza mgawanyo bila kufuta data, kisha unabadilisha BIOS kutoka Legacy (mtindo wa zamani) kwenda UEFI (mtindo mpya). Inafanya kazi vizuri, ila sijawahi kuigusa bila kunakili faili za mteja kwanza na nakuomba nawe usithubutu.

Watu wengi pia huchanganya TPM na Secure Boot. Secure Boot ni mlango wa BIOS unaokataa kupakia mfumo usio na sahihi inayotambulika. Unaweza kuwa na kimoja bila kingine.

12. Ninunue moduli ya TPM ya kuchomeka?

Mara nyingi, hapana. Kama prosesa yako iko kwenye orodha ya Windows 11, karibu kila mara bodi yako ina PTT au fTPM, na hizo hulipii hata senti. Moduli zilipanda bei ghafla katikati ya mwaka 2021, wiki ileile Windows 11 ilipotangazwa, na wengi walinunua kitu walichokuwa nacho.

Ukilazimika kununua, usinunue kwa sura. Kuna za pini 14, za pini 18 na za pini 20, na nyingine huwasiliana na bodi kwa njia ya LPC huku nyingine zikitumia SPI. Moduli ya bodi ya kampuni moja inaweza kuingia kwenye pini za kampuni nyingine na isifanye kazi, au ikaleta hitilafu. Soma kitabu cha bodi yako, nunua namba iliyotajwa humo.

13. Nina Ryzen. Nasikia fTPM inafanya kompyuta igande-gande. Kweli?

Ilikuwa kweli. Mwezi Machi 2022 AMD walikiri kuwa kwenye baadhi ya mifumo fTPM ilisababisha mashine kusimama kwa sekunde moja hivi na sauti kukwaruza. Dawa ilikuja na masasisho ya BIOS yenye AGESA 1.2.0.7 (AGESA ni sehemu ya BIOS inayotolewa na AMD) mwaka huohuo. Kama bado unaona hali hiyo, huenda BIOS yako ni ya zamani. Isasishe, usizime fTPM.

## Funguo na faili zako

14. Kompyuta imewaka na skrini ya bluu, inadai tarakimu 48. Faili zangu zimepotea?

Huenda hazijapotea. Diski yako imefungwa kwa BitLocker, programu ya Windows ya kufunga diski, na TPM imekataa kutoa ufunguo kwa sababu alama za kuwaka zimebadilika. Inachodai ni ufunguo wa kurejesha, ambao uliundwa siku diski ilipofungwa.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule aliniletea mashine ya namna hii. "Fundi, sijagusa kitu, umeme ulikatika tu," akasema, na alikuwa anasema kweli. Nilipofungua boksi nikapima ile betri bapa ya mazabodi, CR2032, ambayo ikiwa nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo. Yake ilikuwa imekwisha. Kwa muda mrefu ilikuwa imekwisha bila mtu kujua, maana kompyuta ilikuwa inabaki kwenye soketi yenye umeme. Umeme wa mtaa ulipokatika usiku kucha, BIOS ikasahau mipangilio yake yote, na kwa bodi ile, mpangilio wa kiwandani wa PTT ulikuwa umezimwa. Asubuhi Windows ikaitafuta TPM, haikuiona.

Tuliweka betri mpya, tukawasha PTT, tukarekebisha saa. Mashine ikafunguka bila kudai tarakimu hata moja, kwa sababu funguo zilikuwa bado ziko palepale zilipokuwa. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kufuta diski, rudisha BIOS ilivyokuwa na ujaribu tena. Nawaomba mafundi wenzangu walisikie hili hasa, maana nimeona faili za miaka zikifutwa kwa kosa la betri ndogo.

Isipofunguka, tafuta ufunguo. Skrini inaonyesha kitambulisho chake. Andika herufi nane za kwanza. Kwa simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa kompyuta, kisha linganisha kitambulisho. Fikiria vizuri ni akaunti ya nani: mara nyingi si ya mwenye kompyuta, ni ya mtoto wake, au ya kijana wa dukani aliyeisakinisha. Kompyuta ya kazini, ulizia idara ya TEHAMA.

Kama ufunguo haupo popote, hakuna fundi wala programu itakayofungua diski hiyo. Anayekuahidi kwa malipo ya awali anakudanganya.

15. Nitajuaje kama diski yangu imefungwa, na ufunguo wangu ni upi?

Fungua Command Prompt kama msimamizi. Andika manage-bde -status uone hali ya kila diski. Kisha manage-bde -protectors -get C: itakuonyesha tarakimu 48. Zinakili kwa kalamu kwenye daftari, uzihifadhi na hati zako za nyumba. Kuzihifadhi kwenye kompyuta ileile ni sawa na kufungia funguo za gari ndani ya gari.

Fanya hivi leo hata kama hukuwahi kuwasha BitLocker kwa mkono wako. Windows 11, hata toleo la Home, hufunga diski yenyewe kwenye mashine nyingi unapoisakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, na tangu toleo la 24H2 masharti yake yamelegezwa, hivyo kompyuta za mezani nyingi zaidi zimeingia humo.

16. Kuwasha TPM peke yake kutafunga faili zangu?

Hapana. TPM hutunza funguo. Kufunga diski ni kazi ya BitLocker au programu nyingine.

17. 'Clear TPM' ni nini, na ni lini niitumie?

Inafuta funguo zilizomo ndani. Itumie unapouza kompyuta au unaponunua ya mtumba, kabla ya kuweka chochote chako. Usiitumie kama dawa ya kubahatisha wakati diski imefungwa na huna zile tarakimu 48.

Kwenye bodi za AMD, ukibadilisha prosesa au kusasisha BIOS unaweza kukutana na maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yanayosema prosesa mpya imewekwa au data ya fTPM imebadilika, bonyeza Y kuifuta au N kuibakiza. Wengi hubonyeza Y kwa mazoea. Kama huna ufunguo wa kurejesha mkononi, bonyeza N.

18. Nataka kubadilisha mazabodi au kusasisha BIOS. Nijiandaeje?

Andika ufunguo kama ilivyo kwenye swali la 15, kisha simamisha ulinzi kwa muda kwa manage-bde -protectors -disable C:. Ukimaliza kazi, rudia amri ukiweka -enable. Kwa mazabodi mpya TPM nayo ni mpya, kwa hiyo njia salama zaidi ni kufungua usimbaji wote kabla ya kutenganisha.

## Maswali ya kando

19. TPM inanipeleleza? Na inazuia virusi?

Haipelelezi: haina njia yake ya intaneti na haisomi faili zako. Ni kweli kila chipu ina ufunguo wake wa utambulisho, na ndiyo sababu michezo inaweza kuutumia kumtambua mtu aliyefungiwa. Virusi vya kawaida haizuii. Ukifungua kiambatisho kibaya huku umeshaingia kwenye Windows, diski tayari iko wazi, na TPM haina la kufanya.

20. Inaweza kuvunjwa?

Imewahi. Oktoba 2017 lilitangazwa kosa liitwalo ROCA kwenye namna chipu za Infineon zilivyotengeneza funguo za RSA. Novemba 2019 utafiti wa TPM-FAIL ulionyesha kuwa PTT ya Intel na chipu moja ya STMicroelectronics zilivujisha siri kupitia muda zinaochukua kutia sahihi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin waliivunja fTPM ya AMD kwa kuchezea umeme wa prosesa, kwa saa kadhaa za kuishika mashine mkononi. Mwaka 2024 ilionyeshwa laptopu ya zamani ikisomwa ufunguo wa BitLocker kwa sekunde 43, kwa kunasa waya kati ya prosesa na chipu inayojitegemea.

Mashambulizi hayo mawili ya mwisho yanamhitaji mwizi mwenye ujuzi aliyeishika mashine. Kwa mwenye siri nzito dawa ni kuongeza PIN ya BitLocker wakati wa kuwasha, ambayo toleo la Pro linairuhusu. Kwa duka na nyumba zetu, anayeiba boksi anataka kuliuza, na TPM inatosha kumnyima data.

21. iMac na Mac mini zina TPM?

Hazina. Apple wana njia yao: chipu ya T2 kwenye baadhi ya mashine za Intel kuanzia iMac Pro ya 2017, na Secure Enclave ndani ya prosesa zao za M tangu Novemba 2020. Kazi inafanana, lakini Windows 11 haiitambui kama TPM.

22. Nimehakikisha kabisa, sina TPM 2.0 na siwezi kuipata. Nifanye nini?

Kompyuta yako haijafa. Windows 10 ina mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Angalia kwenye Windows Update kama umealikwa kujiunga.

Zipo njia za kuruka ukaguzi na kusakinisha Windows 11 hivyohivyo. Nimeziona zikifanya kazi kwenye kizazi cha 4 na cha 6, ila Microsoft hawakuhakikishii masasisho, na sitaiweka kwenye kompyuta ya mtu anayetunzia humo mishahara ya watu. Kwa Core 2 Duo usijisumbue: tangu 24H2 Windows inahitaji amri za prosesa ambazo hiyo haina, na haitawaka kabisa.

Kwa anayetumia kivinjari, barua na hesabu za kawaida, Linux Mint huendesha OptiPlex 7010 ile ya kizazi cha 3 vizuri sana, hasa ukibadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Ijaribu kwanza kwa flashi bila kusakinisha, uone kama printa yako inakubali.